Tairi ni za Mdosi, Pointi ni Yako: Rada ya Kuendesha Ndai Kwenye Theluji Majuu

Wasee, risto ya wera za Ujerumani mmeiskia hadi mkachoka. Septemba 13, 2024, Rais Ruto na Olaf Scholz, aliyekuwa Chansela wakati huo, walikuwa pamoja Berlin mkataba wa kazi na uhamiaji ukisainiwa. Tangu hiyo siku, karibu kila group ya WhatsApp iko na mtu anakesha na Kijerumani, mwingine anasaka Ausbildung ya unesi, na mwingine ni dere wa lori amechoka na foleni ya Malaba. Mwaka huo huo madere watano wa basi kutoka Kenya walikuwa washapokelewa Flensburg, mji wa kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Denmark, kwa mradi wa majaribio.

Sasa, kwa hizo group zote, watu huongea visa, lugha, mshahara na keja. Ukiuliza kuhusu tairi utachekwa. Lakini wera nyingi ambazo wasee wetu wanashika huko zinakuja na ufunguo wa gari. Nesi au mhudumu wa wazee anapewa kagari kadogo cha kampuni, anaanza kuzungukia wagonjwa nyumbani kwao kabla jua lichomoze. Msee wa delivery anapewa van. Dere wa basi na wa lori ndio usiseme. Kisha Novemba inafika, na ukiwa pande za milimani, kama Bavaria kule kusini au Black Forest, unaamka unapata barabara imepotea. Kila kitu ni nyeupe.

Asubuhi hiyo ndiyo hii stori inahusu. Mdosi anataka ufike kwa wakati, mgonjwa anangoja dawa, na tairi ulizowekewa hukuzichagua wewe. Sheria ikikupata, inamwangalia kwanza nani? Wewe uliyeshika usukani.

Sheria Haiangalii Kalenda

Kitu cha kwanza cha kuchanuka nacho: Ujerumani haina tarehe ya kuvaa tairi za baridi. Wenyeji wako na msemo wao wa "O hadi O", yaani Oktoba hadi Ostern, ambayo ni Pasaka kwa Kijerumani. Huo ni ushauri tu. Sheria yenyewe inasema hivi: kama barabara iko na barafu, theluji iliyoshindiliwa, theluji iliyoyeyuka ikawa uji, au umande ulioganda, huwezi kuendesha bila tairi za baridi. Hata kama ni Mei. Na kama ni Januari lakini lami ni kavu, tairi za kiangazi si kosa.

Ilifikaje hapo? Mwaka 2006 waliweka sheria ikisema gari liwe na vifaa vinavyofaa hali ya hewa. Basi. Dere mmoja akipigwa faini, anauliza: "vinavyofaa" ni vipi? Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Oldenburg ikakubali kwamba maneno hayo ni ya ukungu sana, huwezi kumwadhibu mtu kwa sheria asiyoweza kuielewa. Serikali ikakimbia kurekebisha, na Desemba 4, 2010 sheria mpya ikaanza kufanya kazi, ikitaja hali za barabara moja moja.

Inaonekana fair, si ndiyo? Lakini angalia imefanya nini. Imechukua uamuzi ikauweka mkononi mwa mtu mmoja tu, yule anayeamka saa kumi na moja asubuhi na kufungua mlango wa gari. Mjerumani aliyezaliwa huko ameona theluji tangu akiwa mtoto. Anaangalia barabara inayong'aa na anajua hiyo si maji. Wewe umetoka Umoja, mvua yako kubwa ni ya Aprili. Wengi wetu barafu nyingi tuliyowahi kuona chini ni ile mvua ya mawe ya 2008 karibu na Nyahururu, iliyofunika mlima hadi watu wakadhani theluji imeshuka Kenya. Na bado sheria inakupima sawa na huyo mwenyeji.

Angalia Mlima, Usiangalie Herufi

Utajuaje tairi ni ya baridi? Chuchumaa uangalie ubavuni. Unatafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo alama inamaanisha tairi ilipimwa kwenye theluji ikapita mtihani.

Zamani kulikuwa na herufi M+S, za matope na theluji. Shida ya hizo herufi ni kwamba mtengenezaji alikuwa anaweza kujiwekea bila mtihani wowote. Ujerumani iliamua kuzikata pole pole. Tairi za M+S zilizotengenezwa hadi mwisho wa 2017 ziliruhusiwa kumalizia muda wao hadi Septemba 30, 2024. Kuanzia Oktoba 1, 2024, kama hakuna mlima na theluji, mbele ya sheria hiyo ni tairi ya kiangazi, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mamake.

Hapa ndipo wasee wetu wanaweza kuchomeka. Tumezoea mitumba, na si vibaya, hata majuu watu wananunua tairi zilizotumika. Lakini seti ya bei ya chini unayopata mtandaoni inaweza kuwa ni M+S ya zamani ambayo mwenyewe anataka kuitoa kwa stoo. Soma ubavuni, utaona kikundi cha tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT. Kama ni 3521, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Raba huzeeka na kuwa ngumu hata kama haijatembea.

Alafu meno. Sheria ya Ujerumani inaruhusu meno yafike milimita 1.6, lakini ADAC, ile klabu kubwa ya wenye magari huko, inashauri tairi ya baridi isishuke chini ya milimita 4. Huna kifaa cha kupima? Toa sarafu ya euro 2. Ule mduara wa fedha wa nje una upana wa karibu milimita 4. Ingiza kwa mfereji wa tairi. Kama sehemu ya fedha bado inaonekana, hizo tairi zimekaribia kustaafu. Kwa theluji ni kama tu zile vipara tunaona kwa mathree za mtaani.

Tairi za misimu yote pia zinakubalika, bora ziwe na ule mlima. Kwa mtu wa mjini zinaweza kutosha. Kwa mtu anayepanda milima kila siku, tairi kamili ya baridi ndiyo inakupa nafasi zaidi.

Faini ni Ndogo, Pointi Ndiyo Ngori

Ukishikwa na tairi za kiangazi kwenye theluji Ujerumani, faini ni euro 60. Ukizuia wengine barabarani, 80. Ukihatarisha watu, 100. Ajali ikitokea, 120. Ukiangalia hizo namba unaweza kusema si mbaya, weekend moja tu ya kutoka na mbogi.

Tulia. Kila moja ya hizo inakuja na pointi 1 kwenye rekodi yako ya udereva. Zikifika 8, leseni inaenda. Pointi moja hukaa miaka miwili na nusu kabla ifutwe. Na unajua hiyo rekodi inawekwa mji gani? Flensburg. Mji ule ule uliopokea wale madere wetu watano. Ndiyo maana Mjerumani akisema mtu "ana pointi Flensburg", hazungumzii mpira.

Kwa Mkenya hiyo leseni ina uzito tofauti. Leseni ya NTSA inakubalika kwa miezi sita tu tangu uhamie huko. Kenya haiko kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa bila mtihani, kwa hivyo lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani upya. Umetoa doo, umekesha ukisoma, umepita. Kisha hiyo leseni ndiyo inashikilia wera, na wera ndiyo inashikilia kibali cha kukaa. Pointi moja haikufukuzi nchini. Lakini sasa unaona ni kamba gani imefungwa kwa tairi.

Kuna pia bima. Ukigonga mtu, bima ya lazima inamlipa aliyeumia. Ila gari lako mwenyewe, kama una bima kubwa, kampuni inaweza kupunguza malipo ikionyesha ulikuwa mzembe kupita kiasi kwa kuingia theluji na tairi za kiangazi.

Mdosi Naye?

Hapa ndipo wengi hawajui. Kama mwenye gari anaamuru au anaruhusu litoke na tairi zisizofaa, yeye pia anakula faini ya euro 75 na pointi 1. Sheria inaweza kuwapata nyote wawili. Lakini karao akisimamisha gari, mtu aliye ndani ni wewe. Mdosi ako kwa ofisi yenye heater.

Na huwezi kujitetea kwa kusema "gari ni la kampuni". Dere wa gari la kazi anatakiwa alikague kabla ya zamu, na kasoro akiiona airipoti. Habari njema ni kwamba sheria ya usalama kazini ya Ujerumani iko upande wako pia: mbele ya hatari kubwa na ya papo hapo, mfanyakazi ana haki ya kujiondoa bila kuadhibiwa.

Najua. Kusema ni rahisi. Uko wiki ya tatu kazini, Kijerumani chako bado kinachechemea, na huko ocha fees ya mdogo wako inangoja. Nani atathubutu kumwambia mkubwa "siendi"?

Kwa hivyo usingoje asubuhi ya theluji. Oktoba, siku ya jua, zunguka hilo gari. Piga picha ubavu wa kila tairi na ule mfereji na sarafu ndani. Kama hakuna mlima, au meno yameisha, andikia mkubwa ujumbe mfupi wa heshima, kwa maandishi, siyo kwa mdomo: gari namba fulani lina tairi za kiangazi, naomba zibadilishwe kabla ya baridi. Kama kampuni ina baraza la wafanyakazi, nao wajue. Ujumbe wa Oktoba ni ombi la kawaida. Maneno yale yale ukiyasema Desemba saa kumi na moja asubuhi, yanageuka mgomo. Kwa mara nyingi mdosi ataandika nafasi gereji na mambo yaishe, kwa sababu hata yeye hataki pointi.

Safari Moja, Sheria Tatu

Kama unaendesha lori au umekodi gari kwenda kutembea na mbogi, jua kwamba sheria inabadilika ukivuka mpaka. Chukua mfano wa Munich hadi Bolzano. Unapitia Innsbruck, unapanda Brenner, unateremka Italia. Ni masaa machache tu ya barabara.

Ujerumani, tushasema: barabara ndiyo inaamua. Kwa lori na basi, tangu Julai 2020, tairi za baridi lazima ziwe kwenye ekseli zinazosukumwa na injini na pia zile za mbele za kukata kona.

Ukiingia Austria, kalenda inaingia. Kati ya Novemba 1 na Aprili 15, gari dogo likiwa kwenye hali ya baridi lazima liwe na tairi za baridi, na meno yasipungue milimita 4. Chini ya hapo, Austria inaihesabu kama tairi ya kiangazi. Kwa hivyo tairi iliyo halali Ujerumani na milimita 3 inakuwa makosa ukivuka mpaka, ukiwa barabara ile ile, theluji ile ile. Ukihatarisha wengine, faini inaweza kufika maelfu ya euro. Dere wa lori la zaidi ya tani 3.5 hana hata la kubishana: kipindi chote hicho lazima awe na tairi za baridi angalau kwenye ekseli moja inayosukumwa na injini, jua liwake lisiwake, na abebe minyororo ya tairi.

Ukiteremka Italia kwa barabara kuu ya A22, kuanzia Novemba 15 hadi Aprili 15 lazima uwe na tairi za baridi au minyororo ndani ya buti. Hapo hata lami ikiwa kavu kama ya Turkana, kukosa ni kosa.

Ukienda Ufaransa, ni kati ya Novemba 1 na Machi 31, kwenye maeneo ya milima yaliyotajwa kama Alps, Pyrenees na Vosges: tairi za baridi, au minyororo au soksi za tairi kwa buti. Huko pia M+S peke yake ilikufa Novemba 2024. Uswisi, nchi ya milima kuliko hizo zote, haina sheria ya jumla ya tairi za baridi. Usifurahi. Ukisababisha ajali na tairi zisizofaa, utawajibishwa kwa kushindwa kudhibiti gari. Ni njia tofauti ya kufika mlango ule ule.

Na kuna kitu kimoja kuhusu Brenner kitakushangaza. Hiyo njia ya milima inayoogopwa na malori ya Ulaya nzima iko karibu mita 1,370 juu ya bahari. Nairobi iko juu kuliko hapo. Limuru iko juu sana kuliko hapo. Umekuwa ukiishi juu ya Brenner maisha yako yote na hujawahi kuhitaji minyororo, kwa sababu jua la ikweta limekubeba. Kwa hivyo usipime hatari kwa urefu wa mlima kwenye ramani. Huko hata kilima kidogo kama cha Kangemi kinaweza kukufunza adabu.

Msee wa Subaru, Hii ni Yako

Tunajua mko wengi. "Mimi niko na four-wheel, theluji itanifanya nini?" Four-wheel inakusaidia kuondoka. Inagawanya nguvu ya injini kwa magurudumu manne, kwa hivyo unapanda pale wengine wamekwama. Lakini gari zote, hata ile ndogo kabisa, zina breki kwa magurudumu manne. Ukikanyaga breki, wewe na yule wa Vitz mko sawa, mnategemea raba inayogusa chini. Tofauti ni kwamba four-wheel imekudanganya ukafika na spidi kubwa zaidi.

Fanya hesabu na mimi. Lami kavu inashika tairi kwa karibu 0.7 ya uzito wa gari. Theluji iliyoshindiliwa, karibu 0.2. Barafu, karibu 0.1. Ukiwa na spidi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo Thika Road ni kama umelala, kwa lami kavu unahitaji kama mita 14 kusimama. Kwa theluji hiyo, kama mita 50. Kwa barafu, kama mita 100. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira. Na hatujahesabu sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula mita 14.

Sasa weka mteremko. Barabara inayoshuka mita 10 kwa kila mita 100 ni kawaida milimani. Kwenye barafu inayoshika kwa 0.1, mvuto wa mteremko unamaliza ushikaji wote. Hakuna kilichobaki cha kusimamisha gari. Hata ukiwa umepaki, linaweza kuanza kuteleza lenyewe. Hiyo ndiyo maana wenyeji wakiona barabara kama hiyo wanarudi ndani kunywa kahawa.

Tairi ya baridi inabadilisha nini? Raba ya kiangazi huanza kuwa ngumu joto likishuka, na watu wengi hutumia nyuzi 7 kama alama. Raba ya baridi inabaki laini. Pia ina mikato midogo mingi inayouma theluji, na mifereji inayojaza theluji ndani, kwa sababu theluji hushikana na theluji, jaribu kutengeneza mpira wa theluji utaona. Kwa theluji inapunguza sana umbali wa kusimama. Kwa barafu tupu, inasaidia kidogo tu. Usiichukulie kama uchawi.

Kwa Madere wa Lori wa Amerika

Wasee wa Colorado, nyinyi I-70 mnaijua. Inapanda magharibi ya Denver hadi handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400, juu kuliko Timboroa. Kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria iko macho. Gari dogo lazima liwe na meno ya angalau 3/16 ya inchi, karibu milimita 4.8, kwenye tairi zinazofaa au kwenye four-wheel, au libebe minyororo. Huko M+S bado inakubaliwa. Ndiyo, hata four-wheel inakubaliwa. Lakini ile hesabu ya breki haijui sheria ya Colorado.

Lori la kibiashara la pauni 16,001 na zaidi lazima libebe minyororo kipindi hicho chote. Amri ya kufunga ikitoka na hujafunga, ni dola 500 kabla ya ada nyingine. Ukifunga barabara kwa sababu hukuwa na minyororo, ni dola 1,000 kabla ya ada. Hapo pia mtego ni ule ule: dispatcher yuko mji mwingine anaangalia saa, na wewe uko chini ya mlima unaangalia mawingu.

Kama Lazima Utoke

Toka mapema. Hiyo ndiyo silaha ya kwanza, kwa sababu haraka ndiyo inaua. Futa theluji kwenye kioo chote, taa, na juu ya paa. Kale kashimo unakofuta mbele ya macho yako tu ni kosa, na theluji ya paa ikiteleza kwenye kioo cha mbele ukifunga breki, umepofuka.

Pima upepo wa tairi. Joto likishuka nyuzi 10, tairi ya gari dogo inapoteza karibu baa 0.1. Gari lililojazwa Septemba liko chini kufikia Januari bila kutoboka.

Ondoka kwa gia ya pili, mguu mwepesi. Kila kitu fanya pole pole: mafuta, breki, usukani. Acha nafasi mara tatu ya ile umezoea. Kwa mteremko tumia gia ndogo injini ikushike, usiungue na breki. Ikibidi kusimama ghafla na gari lina ABS, kanyaga kabisa na ushikilie. Utaskia ikitetemeka chini ya mguu, usiachilie, hiyo ni kazi yake. Kuwa makini na madaraja, huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu upepo baridi unapita juu na chini. Na uogope sana barabara nyeusi inayong'aa joto likiwa karibu na sifuri. Maji yanarusha matone nyuma ya gari la mbele yako. Kama lami inaonekana imelowa na hakuna matone, hiyo ni barafu.

Minyororo inafungwa kwa magurudumu yanayosukumwa na injini. Ujerumani ukiwa nayo, usizidi kilomita 50 kwa saa. Ukiona alama ya duara ya bluu yenye tairi iliyofungwa mnyororo, hiyo ni amri, na four-wheel haikuokoi. Jifunze kuifunga ukiwa kwa parking mchana, glavu mkononi. Ukijaribu mara ya kwanza usiku kando ya barabara, vidole vitakataa.

Beba blanketi, maji, kitu cha kula, tochi na simu iliyojaa chaji. Ukikwama kwenye theluji na injini inanguruma ili upate joto, hakikisha bomba la moshi halijazibwa. Moshi ukirudi ndani, kaboni monoksidi haina harufu, utalala na hutaamka. Washa injini kwa vipindi vifupi, fungua dirisha kidogo. Namba ya dharura Ulaya nzima ni 112, na hukatwi pesa.

Mwisho wa Maneno

Mtu akikuuliza kwa nini Wazungu wana sheria nyingi za tairi, mwambie ni kwa sababu mlima hauwezi kuandikiwa faini. Mtu ndiye anaandikiwa. Na kwenye mnyororo wote wa watu, mwenye kampuni, meneja wa zamu, muuza tairi na dere, yule mgeni zaidi ndiye anapewa uamuzi mgumu zaidi, saa ile ya giza zaidi.

Hilo hatutalibadilisha wiki hii. Kinachoweza kubadilika ni wewe kufika hiyo asubuhi ukiwa umejua. Kama una ndugu au beshte aliyepaki mabegi kwenda majuu, mtumie hii kabla ya Oktoba. Atakuuliza unamtumia mambo ya tairi kwa nini wakati hata gari hana. Mwambie atapewa, na akipewa, achuchumae kwanza atafute mlima.